Sifuri ya Orlane katika Mtihani wa Utundu

Sijui nani alimdanganya yule mtafiti wa chuo kikuu kwamba shuleni kwetu Bwiza kuna watoto wa kawaida. Kwetu kila kitu kina wa kwanza na wa mwisho, hata kunawa mikono. Alileta karatasi za maswali ishirini: umewahi kutoroka, kuiba, kuvunja kioo? Alitaka kujua kama msongo wa mawazo kwenye shule kali za kulipia unaharibu vijana zaidi kuliko kwenye shule za kawaida za mtaa wa Jabe.

Mimi Télesphore, msimamizi wa nidhamu, niliambiwa nikusanye karatasi tu. Lakini miaka kumi na tisa ya kazi haiuachi mkono utulie. Niliwaamuru waandike majina, nikachukua kalamu nyekundu, nikasahihisha, kila "ndiyo" alama moja, nikabandika orodha ukutani. Jimmy alikuwa wa kwanza, kumi na saba juu ya ishirini. Orlane, ambaye tangu darasa la kwanza hajawahi kuwa hata wa pili, alikuwa wa mwisho na sifuri yake.

Alinifuata ofisini, macho mekundu, akitaka mtihani wa marudio.

"Mwalimu, naomba repêchage."

"Apana, Orlane. Ile haikuwa mutihani."

"Kama haikuwa mutihani, mbona umetia pointi? Mama akijua mi ni wa mwisho, nitamwambia nini?"

Nikamfukuza. Ndivyo ninavyofanya nikikosa jibu.

Siku tatu mtoto alihangaika. Aliruka ukuta, lakini kwa kuingia, maana alifika kabla lango halijafunguliwa. Aliiba chaki, akairudisha kabla ya somo ili mwalimu asipate taabu. Ijumaa uvumilivu ukamwishia. Aliomba ruhusa ya kutoka darasani, akaokota jiwe, akavunja dirisha la ofisi yangu, kisha akabisha hodi na kuingia na karatasi yake.

"Swali la kumi na moja," akasema, machozi yakimtoka. "Niongezee."

Aibu ilinishika kwelikweli. Sikumwadhibu. Nilimwita mama yake, anayeuza vitenge sokoni Jabe, nikamweleza yote, pamoja na upumbavu wangu wa kalamu nyekundu. Alisikiliza kwa utulivu, akatazama vioo sakafuni, akamtazama binti yake.

"Na huyu Jimmy wa kwanza," akaniuliza, "yeye alivunja madirisha mangapi?"