Ndimu ya Mama Kunda

"Usinikamate na ile mikono ya samaki," Mama Kunda alisema, akageuzia ukuta uso.

Myriam alikuwa ameshapiga magoti kwenye sementi, kitambaa kimelowa, sabuni tayari. Alimweka mgonjwa sawa juu ya kibao kama mtu anayesimamisha gunia, akaanza kumsugua mgongo. Alisugua kwa hasira, na hakuona sababu ya kuificha.

Ni Mado, mkubwa wa shirika lao la parokia, aliyemtia katika balaa hili. Tangu Mama Kunda apooze upande mmoja, akina mama wa shirika walipokezana kumwogesha, naye akawatukana mmoja mmoja mpaka wakaisha. Ikabaki zamu ya Alhamisi bila mtu. "Yezu alioshaka hata miguu ya Yuda," Mado alisema mkutanoni, macho yote yakamgeukia Myriam, akashindwa kukataa. Lakini Yezu hakuwa na lori la kungojea. Alhamisi ndiyo siku samaki wa barafu hushuka kutoka Kasenga, na anayechelewa hukuta makasha yake yamebebwa na wenzake.

Na yote hayo kwa ajili ya nani? Mwanamke aliyemnyanyasa sokoni miaka nenda miaka rudi. Pale sokoni kwao kuna desturi: jioni mikono inaponuka, jirani humkamulia jirani ndimu, maana vidole vilivyochomwa na miba kutwa nzima haviwezi kukamua na kupokea maji yake kwa pamoja. Mama Kunda aliwakamulia wote. Akifika kwa Myriam, alitupa ganda chini, akafunga meza yake.

Simu ikalia. Alikuwa Gérard, dereva wa lori, aliyemwita yaya, yaani dada, kama wengine sokoni.

"Yaya Myriam, uko wapi? Camion imefika. Benzako banaanza kukamata makasha."

"Ngojea kidogo, Gérard. Niko naosha mugonjwa wa shirika."

"Samaki haiombake Mungu, yaya. Ukikosa na leo, njo mwisho yako. Nafasi yako ntapatia mwingine."

Myriam akadondosha kitambaa ndani ya ndoo. Bila lori lile hakuwa na meza sokoni, na bila meza hakuwa na kitu cha kuwapikia watoto.

"Nitarudia," alisema.

"Nilijua," Mama Kunda akasema. "Munakuyaka hapa na Mungu mu kinywa, munaniachia sabuni ku mugongo. Bote munafanana."

Myriam alitoka, akavuka ua, akasimamisha pikipiki barabarani. Mguu mmoja ulikuwa tayari juu. Hapo akaifikiria ile sabuni ya mche inavyowasha ikikaukia mwilini, na ule mkono uliokufa usioweza kujikuna. Akamlaani Mado, akamlaani Gérard, akajilaani mwenyewe, akashuka.

Alimkuta palepale, amekaa wima, povu limekauka mgongoni. Hakuwa ameita mtu.

"Unarudia juu ya nini? Unanichukia."

"Ndiyo, nakuchukia. Geuka."

Mama Kunda akageuka. Myriam akammwagia maji taratibu mpaka yakatiririka bila povu. Simu ililia ndani ya kikapu chake, ikanyamaza, ikalia tena, kisha ikanyamaza kabisa. Myriam akalia kidogo. Alilia kwa uchungu wa makasha yake, si kwa kingine.

Alipokwisha kumfunga kitenge, mgonjwa alinyoosha ule mkono wake mzima hadi dirishani, akachukua nusu ya ndimu iliyoanza kukauka.

"Leta mikono."

"Mama Kunda, achaka tu."

"Unanuka Kasenga yote. Leta."

Akakamua. Mkono ulikuwa mmoja na nguvu zilikuwa chache, matone yakatoka kwa kusitasita. Yaliingia kwenye michubuko ya miba, yakachoma vibaya. Myriam akauma midomo, wala hakuiondoa mikono yake.