Kidonge Juu ya Sikio

Mama mdogo wangu ana mdomo, jamani! Asubuhi ya upasuaji wake, mpiga picha za ubongo alipotaka kumbandika kidonge cha mafuta kwa plasta juu ya sikio, alimzungusha kama pia. "Wewe baba, plasta yako inaning'oa mvi. Weka huku. Aa, rudisha kule." Kidonge hicho ni utaratibu wa hospitali yetu. Hubandikwa upande wa kulia tu, na kwenye picha huonekana kama doa jeupe, ili kulia kujulikane.

Akaingizwa mashinini, picha za ubongo wake zikaja kwangu. Ndiyo kazi yangu: programu yangu huondoa ngozi na fuvu, hupima umbo la ubongo, huupaka uvimbe rangi nyekundu, na daktari wa upasuaji akajua pa kukata. Uvimbe ukatokea kushoto, upande wa maneno. Mwanamke aliyenilea kwa hadithi na matusi ya mapenzi, leo wanapasua karibu na ulimi wake! Nikamtumia daktari ramani ya uvimbe. Ningefanyaje?

Ndipo nikaona onyo la njano pembeni ya kioo cha kompyuta: umbo si la kawaida. Ubongo wa binadamu umejipinda kidogo. Kwa watu wengi kulia hutangulia mbele, kushoto hubaki nyuma. Wake ulikuwa kinyume. Wapo watu wa hivyo, ila wachache. Nikafungua picha za wagonjwa wengine wa asubuhi ile. Kinyume. Kinyume tena. Mmoja ningeelewa, lakini wote? Kompyuta mpya tuliyofungiwa jana ilikuwa inageuza picha, kulia inaifanya kushoto, na imetulia tuli, haina hata haya!

Nikatafuta picha ya kwanza, kabla fuvu halijaondolewa. Doa jeupe lilikuwa upande uleule wa uvimbe. Kumbe uvimbe uko kulia! Nikampigia mpiga picha.

"Kidonge cha mama mdogo ulikibandika kulia?"

"Kulia, kama kawaida. Ila dada, yule mama alinihangaisha. Mara huku, mara kule. Siwezi kuapa."

"Huwezi kuapa?" Nilimkatia simu nikatoka mbio, kiatu kimoja kikabaki kwenye ngazi.

Daktari alikuwa ananawa mikono mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Ndani, mama mdogo alishalala kwa dawa, kofia kichwani, alama ya wino kwenye paji lake, kushoto.

"Daktari, usimguse! Ramani yangu imegeuka."

"Una uhakika?"

"Nusu."

"Nusu!" akafoka. "Mgonjwa kalala mezani, wewe unaniletea nusu?"

Nilitaka kumjibu vibaya, wallahi. Badala yake nikamgeukia nesi. "Kidonge chake nani alikitoa?"

"Hakuna. Alikataa katakata. Alisema tungoje alale, kitoke pamoja na nywele tukimnyoa."

"Mvue kofia. Tafadhali, mvue."

Nesi akaivua. Kushoto palikuwa na mvi tupu. Akakigeuza kichwa taratibu, nami nikafumba macho kwa woga. Nilipofumbua, plasta ilikuwa juu ya sikio la kulia, na kidonge chake ndani.

Daktari akachukua pamba, akafuta wino wake mwenyewe, akaagiza upasuaji mwingine wote wa siku ile usimame. Kisha akaja kusimama nyuma ya kiti changu hadi nilipomaliza kuchora ramani upya, ndipo akaenda kupasua kulia.

Jioni mama mdogo alifumbua macho. Nikamshika mkono. "Mama mdogo, ni mimi. Sema chochote." Midomo ikacheza, sauti haikutoka. Nikaona basi, tumeshamharibu.

Akapapasa bandeji, akapapasa na upande wa pili, polepole.

"Wamenyoa upande mmoja," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Wembe uliwaishia?"

Nikaangua kilio palepale, kichwa changu kifuani mwake.

"Na wewe," akasema, "kiatu kingine kiko wapi?"