Namba ya Bangili

Jumatatu asubuhi, kabla jumba la sanaa la Voi halijafunguliwa, Rita, mtunzaji wa vifaa vya maonyesho, aliipangusa bangili ya shaba kwa kitambaa kikavu, akapaka tone la vanishi upande wa ndani na kungoja likauke. Juu yake akaandika namba kwa kalamu nyembamba ya wino mweusi: 417. Saba aliiwekea kistari katikati, kama alivyofundishwa darasa la pili. Akapaka vanishi tena, akavua glavu, akanywa chai iliyokwisha kupoa.

Bangili ilikuwa waya mnene uliozungushwa kama springi, kutoka kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko. Wanawake wa milimani walivaa hivyo zamani. Hii ilikuwa imekatwa kwa msumeno. Ilikuja sandukuni pamoja na shanga na hereni, kutoka kwa wajukuu wa meneja wa shamba moja la mkonge, nao hawakujua zaidi ya hapo. Kibao cha kabatini kiliandikwa: Bangili ya mkono, Taita. Zawadi. Mwenyewe hajulikani.

Alhamisi akaja mama mmoja kutoka Chawia, kule milimani, jina lake Jedidah, pamoja na binti yake Cynthia. Cynthia alikuwa amembeba mtoto wake mchanga, Shanice, kwenye leso. Jedidah alikunja mkono wa sweta, akaulaza mkono wake juu ya meza ya Rita. Kwenye kifundo palikuwa na 417, wino mweusi chini ya vanishi. Cynthia akaonyesha wake. Kisha wakamfunua mtoto, aliyekuwa amelala. Kwake namba ilikuwa imeandikwa ndogo ili itoshe.

"Mwandiko ni wako?" Jedidah aliuliza.

Rita aliitazama ile saba. "Ni wangu, Mama."

"Nilijua tu ni wa mtu wa ofisi. Ndovu wa Tsavo wamefungwa kola, sisi tumepigwa namba."

Alieleza kwamba namba ilitokea Jumatatu, akiwa anachambua maharagwe. Tangu hapo mkono ulikuwa na ganzi, wake na wa Cynthia pia. Cynthia alikuwa amejimwagia uji wa moto asijue. Mtoto naye alikuwa ameacha kushika kidole, na hilo ndilo lililowaleta. Wakubwa wangezoea. Bangili, aliyoitambua kwenye picha iliyobandikwa stesheni, ilikuwa ya nyanya yake, aliyevuliwa kambini kwenye shamba la mkonge akiwa mgonjwa kitandani.

"Hakumpa mtu zawadi," alisema.

Rita alichukua pamba na dawa ya kufutia. Katika kazi yake, chochote kinachoandikwa kwenye kifaa lazima kiweze kufutika; hiyo ndiyo sheria ya kwanza. Alisugua kifundo cha Jedidah mpaka ngozi ikapauka. Namba haikutoka. Wote watatu waliamini kwamba ingefutika upande mmoja tu, kwenye bangili.

Idhini ya kufuta ilipaswa kutoka kwa mkurugenzi, Bwana Muinde. Alikuja, akawapisha wageni kiti chake, akavaa miwani na kuikagua mikono mmoja mmoja. Aliusifu mwandiko. Kisha akaeleza kwamba kifaa kisicho na namba hakiwezi kukaa kabatini, na maonyesho yalikuwa yanafunguliwa Jumamosi, picha ya bangili ikiwa imeshabandikwa hadi stesheni ya reli. Akafikiri kidogo. Akasema chenye namba yao ni wajibu wao kukitunza: mikono isianikwe juani, mahali pa namba pasisuguliwe, na kila mwaka Rita apande Chawia kuikagua.

Rita aliuliza kama kibao kingeweza angalau kuandikwa jina la yule nyanya. Mkurugenzi akataka ushahidi. Rita akamwonyesha mtoto.

"Huyo sasa ni kifaa, Rita," alisema kwa upole. "Kifaa hakijitolei ushahidi."

Jedidah akaomba aishike bangili mara moja tu. Rita alifungua kabati, akampa glavu, kwa sababu jasho huharibu shaba. Mama yule aliizungusha mikononi kwa muda.

"Sihisi kitu," akasema, akairudisha.

Jumapili Shanice alibatizwa akiwa na gauni la mikono mirefu. Kasisi hakuuliza.

Mwaka uliofuata Rita alipanda Chawia na mkoba wake. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Jedidah alikuwa amepika kimanga cha maharagwe na mihogo ya kuponda, akamcheka kwamba watu wa Voi hukonda kwa kula chipsi. Rita aliukagua mkono wake, kisha wa Cynthia, aliyekwisha kuzoea kupika kwa kushoto. Namba zilikuwa safi.

Ya Shanice ilikuwa imefifia. Alikuwa ameanza kutembea, na mchana kutwa alichezea maji ya beseni. Nne na moja zilionekana kwa shida. Saba ilikuwa imefutika. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, ameshika punje ya haragwe kwa mkono ule ule, akiigeuza kwa vidole.

Cynthia alimtazama Rita tu.

"Si ungesema hukuona?" Jedidah aliuliza.

Rita alikuwa na watoto wawili shuleni Voi, na kazi ni hiyo moja. Mkurugenzi alikuwa ameagiza picha za mikono yote mitatu.

"Mshike mkono, Mama Shanice," alisema.

Alipaka vanishi, akapuliza ikauke, akaandika nne, moja, na saba yenye kistari. Mtoto hakulia. Vidole vililegea, haragwe likaanguka kwenye mkeka. Jedidah akaliokota, akalipangusa kwa leso, akalirudisha kwenye ungo.

Kisha akapakua kimanga, wakala.