Wageni wa Mfereji wa Infulene

Saa kumi na moja jioni, kama kila siku, Atália alikuwa amechutama kwenye mfereji akisuuza saladi. Wakulima wote wa bonde la Infulene hufanya hivyo kabla wachuuzi hawajafika. Jani likizamishwa mara moja hung'aa. Likizamishwa mara mbili huonekana limechumwa sasa hivi. Maji yenyewe hutoka kwenye mabwawa ya majitaka, yakishasafishwa.

Fungu moja alilizamisha mara tatu. Hilo lilikuwa la binti yake Ilda, aliyeolewa Marracuene, ambaye hakuwa amekanyaga nyumbani mwaka wa tatu sasa. Mchuuzi Felismina ndiye aliyempelekea.

Alipoinuka, wageni walikuwa wameshaketi juu ya matuta. Walikuwa kumi na wanne, macho ya manjano, na nyayo zao hazikuacha alama kwenye udongo mbichi. Miili yao ilikuwa vitandani ikiugua homa ya ini. Wao walikuja kukaa pale ilipoota saladi waliyokula. Hawakulaumu. Walizungumza bei ya mchele, na Atália, ambaye nyumbani huongea na sufuria, alianza kuchelewa kurudi.

Alhamisi alikuja bwana wa kupima maji. Aliwaomba wageni wasogeze miguu, akachota chupa yake, akamwonyesha Atália karatasi ya mwezi uliopita: maji ni salama.

"Na hawa?"

Akawatazama. "Hawa wameletwa na virusi, mamana. Sisi tunapima bakteria tu."

Dereva mmoja wa lori, mgeni wa tangu mwanzo, akamwambia basi aandike kwamba wamefika. Akajibu kwamba fomu haina nafasi hiyo.

Kesho yake Atália hakusuuza. Felismina aliyageuzageuza majani. "Haya yamelala tangu juzi. Nimuuzie nani, mbuzi?" Akaenda kununua kwa jirani. Jumamosi Atália akarudi mferejini.

Jioni hiyo akaja mgeni wa kumi na tano, amejifunga kapulana, kitenge cha harusi yake. Hakuacha alama.

"Umekuja, mwanangu."

"Nimekuja, mama. Saladi zako tamu."

Atália akampangusia tuta la karibu. Wageni wengine wakasogea.

"Utakaa?"

"Homa ikishuka nitaondoka."

Felismina aliita kutoka barabarani, akiuliza kama leo kuna fungu la Marracuene. Mikono ya Atália ilikuwa tayari majini, ikihesabu mara ya tatu.