Mkono Mmoja wa Gauni Jekundu

Wake wenzangu walikufa karne nyingi zilizopita, na bado wananinyima raha. Mume wangu ni fundi friji. Wenzake wakitoka kazini huenda kutazama mpira; yeye huoga, akajilaza na vitabu vyake vya Ulaya ya Zama za Kati: mashujaa wa farasi, ngome za mawe, na mabibi waliokaa madirishani wakitungiwa mashairi. Nikimwambia chakula tayari, huitika kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Mimi sijatungiwa hata mstari mmoja.

Wafu ningewavumilia. Lakini tangu aanze kwenda maktaba kila Jumamosi, habari za mkutubi hazimtoki mdomoni. Mkutubi kasema hivi, mkutubi kaniazima kile. Siku moja nilimwona huyo mama: mcheshi, amenawiri, mikono imeshiba. Nikaona wivu.

Ndipo mume wangu akaniomba nimshonee mkono wa gauni. Si gauni, mkono mmoja tu, mwekundu, mrefu. Nilimuuliza nitumie vipimo vya nani. Akasema vyovyote, ni wa kuwaonyesha watu siku atakapozungumza maktaba. Nikasema nami nitakuja kumsikiliza. Akasema nitachoka bure, mambo yenyewe ya kale.

Mimi ni fundi cherehani. Nguo isiyotajwa mwenyewe najua ina mwenyewe. Nikaubana mkono ule makusudi, ili mkutubi akijaribu kuuvaa usimpite hata kwa sabuni.

Jumamosi nikafunga duka, nikajibanza kwenye kiti cha nyuma kabisa maktaba. Mume wangu alisimama mbele na shati nililompigia pasi mwenyewe, ule mkono mwekundu ameubandika begani kwa pini. Akaeleza kwamba katika hadithi za enzi zile, bibi aliyempenda shujaa alimpa mkono wa gauni lake, naye akauvaa kwenye mashindano ya mikuki ili watu wote wauone.

"Tazameni ulivyo mwembamba," akasema kwa fahari. "Mabibi wale hawakujua kazi ngumu."

Watu wakaandika. Mimi nikatazama vidole vyangu vilivyochomwachomwa na sindano.

Akaongeza kwamba mara nyingi bibi huyo alikuwa mke wa mtu mwingine. Mkutubi, aliyekaa mstari wa mbele, akacheka, akamuuliza na yeye huo wake amepewa na nani.

Nilitaka kusikia neno moja tu, kwamba amepewa na mkewe. Ningemsamehe vitabu, maktaba na mkutubi wake kwa pamoja.

"Kuna fundi mmoja mtaani kwetu," alisema.

Nikanyoosha kidole, nikasimama kabla sijaruhusiwa.

"Naomba kuuliza. Huyo shujaa akirudi nyumbani na mkono wa gauni la mke wa mtu, mke wake mwenyewe alisemaje?"

Ukumbi ulicheka. Mume wangu hakucheka. Alizipapasa zile pini begani, akapekua karatasi zake, akamtazama mkutubi. Mkutubi akatazama sakafu.

"Vitabu havisemi," alijibu kwa sauti ndogo.

"Basi kusanya vitu vyako twende nyumbani. Mimi nitasema."