Stendi ya Mashine ya Onesphory

Mashine ile ilishushwa kwenye mkokoteni pale Gerezani, hatua chache kutoka Kariakoo, imeviringishwa magunia kama maiti ya tajiri. Kwa umbo ilikuwa ndogo, haifiki kiunoni, ila uzito wake si wa kusimulia. Wapagazi sita waliibeba hatua kumi tu, na wawili kati yao wamepungua urefu hadi leo. Mmoja mkewe amelazimika kumkunjia suruali zote. Ilikuwa mashine ya kuchonga vyuma. Kisu kinazunguka juu, chuma kimebanwa chini, unakisogeza taratibu kwa mpini mpaka jino la gia linatoka kama limezaliwa.

Mwenyewe alikuwa Onesphory, Mchaga wa Rombo, muuza beringi, mtu wa sauti kubwa. Lakini aliyeitazama kama anatazama mchumba alikuwa Nurdin, Mpare wa Mwanga, fundi wa kuchomelea. Miaka ishirini na miwili Nurdin amechomelea mageti juani, kinga yake miwani ya jua ya Mchikichini. Sasa macho yalikuwa yanaisha nguvu. Akimsalimia mtu ng'ambo ya barabara, mara nyingi alikuwa anasalimia nguzo.

Onesphory alilijua hilo. Akatangaza mbele ya kijiwe chetu chote:

"Mtani, nitengenezee stendi ya hii mashine. Ikisimama, wewe ndiye utakayeiendesha. Kuchomelea basi. Utakaa kivulini na feni, kama meneja wa benki."

"Unasema kweli au unanitania?"

"Kweli tupu, Mpare wangu. Nani mwingine atakaa na chuma siku nzima bila kuomba chai?"

Tukacheka. Wachaga na Wapare ni watani, na mtani hakasirikiwi. Mama yake Nurdin alipofariki, Onesphory alisafiri mpaka Mwanga, akaficha makoleo yote ya kuchimbia kaburi, akakataa kuyatoa mpaka apewe jogoo. Nurdin alitoa jogoo huku machozi yanamtoka, na akacheka, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa.

Basi akaanza stendi. Alipima sakafu kwa kamba, akapima kwa mpira uliojaa maji aone kama iko sawa, akapima tena kwa kulala kifudifudi shavu chini. Akachora kwa chaki: engo nene, vile vyuma vya pembe, miguu iliyotanuka chini kuliko juu, sahani ya chuma kila mguu, bolti nne zilizozama kwenye zege.

"Mashine hii kichwa chake kizito," alieleza. "Kisu kikiuma chuma, inatetemeka. Stendi ikiwa nyembamba, inapinduka."

"Miguu itanuke hivyo, friji ya soda nitaiweka wapi? Ibane. Na uipandishe juu, wateja waione toka barabarani."

"Nikiipandisha na kuibana, lazima niichomelee mara mbili na niipigilie sakafuni."

"Pigilia. Mashine si yako?"

Neno hilo lilimlewesha. Siku nne hakupokea geti la mtu yeyote. Alikata, akashikiza vipande kwa vidoti vya moto ili kwanza aone kama vimenyooka, kama mshonaji anavyopiga bandi kabla ya kupitisha cherehani. Siku ya tano tuliipandisha mashine kwa mnyororo, ikakaa juu. Ilibaki kazi ya mwisho tu: kuchomelea maungio yote barabara na kuzamisha bolti.

Mchana ule Onesphory akatoka dukani na soda mkononi.

"Fundi, harakisha. Kesho Anselmi anaanza kazi."

"Anselmi yupi?"

"Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu Hyasinta. Yuko kwenye basi anatoka Rombo. Ndiye ataendesha mashine."

Nurdin alisimama na kofia ya kuchomelea mkononi. Anselmi tulimjua sote. Alikuwa muuza nyama buchani. Chuma pekee alichowahi kushika ni kisu cha nyama.

"Si ulisema mimi?"

"Wewe?" Onesphory akatugeukia sisi, mikono hewani. "Jamani, nimpe kipofu mashine yenye kisu? Atachonga vidole vyake, kisha aniuzie kama gia! Jana amemwambia shikamoo mtungi wa gesi!"

Kijiwe kilipasuka kwa kicheko. Mzee Isidori, muuza kahawa, alimwaga birika zima. Mimi nilicheka mpaka jino langu moja likalegea, na lilikuwa la bandia.

"Umekasirika, mtani?"

"Nikasirike kwa lipi?" Nurdin akacheka naye. Kicheko kirefu, kizuri.

Kisha akaweka kofia chini. Hakuchomelea tena. Alichukua pati, ule udongo wa kuzibia nyufa, akafunika vidoti, akapiga msasa, akapaka rangi nyeusi mpaka stendi ikang'aa. Bolti nne akaziweka mfukoni. Halafu akaita, kwa sauti ya juu ili sote tusikie:

"Onesphory! Stendi hii nimeishikiza vidoti tu. Ukiiwasha, inaanguka."

"Hahaa! Mpare anataka alipwe mara mbili!"

"Haina bolti hata moja. Usimweke shemeji yako hapo."

"Ondoka hapa, mwizi wa mchana!"

"Mara ya tatu nakwambia, mtani. Itamlalia mtu."

Alisema huku anacheka, na kila alivyosema tulizidi kucheka. Alikuwa anasema kweli tupu, na hakuna sheria duniani inayomfunga mtu kwa kusema kweli. Mlangoni mwa duka alisimama Hyasinta, mke wa Onesphory, mwanamke wa maneno machache. Yeye hakucheka.

Sijui kwa nini hakumzuia mdogo wake. Labda naye alidhani ni utani.

Kesho yake Anselmi akavaa ovaroli mpya, akabana kipande cha chuma, akawasha. Kwa dakika moja ilikuwa raha. Kisu kikauma, stendi ikatetemeka, vidoti vikaachia kimoja baada ya kingine, kama mtu anakunjua vidole. Mashine ikainama taratibu, ikamfuata. Paja lake lilibaki chini ya mashine.

Hospitalini walikata mguu juu ya goti. Onesphory aliacha kusema. Dukani alinyoosha kidole tu kuonyesha bei.

Wiki ya pili Nurdin akaja, amevaa shati lililopigwa pasi.

"Shemeji Hyasinta, poleni. Mashine yenyewe ni nzima, mpini tu umepinda. Nipeni siku tatu niijengee stendi ya haki. Nitaiendesha mwenyewe, nitawalisha nyumba nzima."

Hyasinta alikuwa anapanga beringi. Hakuinua macho.

"Bolti ziko wapi, fundi?"

Mkono wa Nurdin ukaenda mfukoni.

"Ulimwambia mara tatu, nilisikia. Kabla ya hapo nilikuona unazitia mfukoni, nikadhani unakwenda kuzipaka mafuta. Mimi nakwambia mara moja. Mashine nimeiuza kwa mtu wa chuma chakavu, anaitaka vipande vipande. Nyundo ile pale. Ukiivunja wewe kwa mkono wako, kituo cha polisi siendi."

"Shemeji, ile ni mashine! Haipatikani tena! Nivunje mageti yangu yote, nivunje—"

"Na mguu wa Anselmi, unapatikana tena?"

Akaiokota nyundo. Mashine, iliyokwisha kuburutwa nje, ililala barabarani kwa ubavu, kisu kimetazama juu. Nurdin alipapasa kwanza kwa kiganja, akatafuta kichwa kilipo, akapafuta vumbi. Kisha akarudi hatua moja, akainua.

Pigo la kwanza lilikosa, likachimba lami. Kijiwe kizima tukacheka, na sauti yangu ilikuwa juu kuliko zote. Akapapasa tena.