Zimwi la Divine na Jini la Safinah

Divine alikuwa na wiki tatu kitandani, mguu wa kulia umevutwa kwa kamba yenye mfuko wa mchanga, katika wodi ya mifupa ya hospitali moja mjini Mbarara. Bodaboda ilimgonga alipokuja kununua vitambaa. Alikuwa fundi cherehani wa Kashojwa, kijiji cha wakimbizi huko Nakivale. Daktari alimkataza kugeuka, kukaa na kushuka. Zilibaki wiki tano.

Kwenye kitanda cha jirani alilala Safinah, mke wa mwanajeshi wa kambi ya Makenke, mama wa makamo aliyevunjika nyonga. Wote wawili walitazama dari ile ile kutwa. Siku moja Divine alichoka kuitazama, akamsimulia zimwi la bibi yake kutoka Kivu ya Kusini.

"Ile inameza muji muzima," alisema. "Batu, ngombe, mpaka manyumba. Hakuna kitu yenye iko na nguvu kuipita."

Safinah akacheka taratibu, maana kucheka kulimuuma. "Hiyo nguvu ya tumbo tu, binti. Sisi iko na jini moja, hapana meza mtu. Yeye nakanyaga kivuli yako, basi. Unaona nyumba yako pale, lakini hapana weza kwenda."

"Zimwi itameza na jini yako."

"Jini ni moshi. Yeye natoka kwa pua ya zimwi."

Ubishi ukaenea wodi nzima. Muuguzi, akibadilisha bandeji, aliuliza jini hufanyaje jua likiwa utosini na kivuli hakuna. Safinah akafikiri sana, akajibu kwamba saa hiyo hungoja mlangoni. Divine alishikilia kuwa jini humnasa mmoja mmoja, ilhali zimwi humaliza kijiji kwa mkupuo. Safinah naye alisema waliomezwa hukaa pamoja tumboni, hupika, huoana, na mwisho hutokea mwenye kisu wa kulipasua. Aliyekanyagwa kivuli yuko peke yake.

Siku kumi walibishana hivyo. Jumatatu akaja Goretti, dada mkubwa wa Divine.

"Jina yako imetoka kwa tablo ya matangazo, pale Base Camp ya Nakivale," alisema. "Mahojiano ya kuhamia inchi ingine ni Alhamisi, saa mbili. Banasema mutu afike mwenyewe."

Divine alikuwa ameyangoja mahojiano hayo miaka kumi na mmoja. Alimwomba muuguzi wambebe kwa gari, siku moja tu. Muuguzi akamwambia mfupa umeanza kushika, na barabara ya Nakivale ingeuachanisha tena.

Goretti alipoondoka, Divine alijinyoosha kuelekea fundo la kamba. Vidole vilipungukiwa shubiri moja. Akajaribu tena, jasho likimtoka, hadi Safinah akasema kwa sauti ndogo, "Acha, mwanangu."

Divine akajilaza. Baadaye alisema, "Mama, jini yako ndiyo iko na nguvu."

Safinah alikuwa ameipigania kauli hiyo siku zote kumi. Sasa hakuitaka. Alichukua simu akampigia mumewe, Ashiraf. "Omba ruhusa kwa mkubwa wako," alimwambia. "Alhamisi uko na safari."

Jumatano daktari aliandika barua kwamba Divine hawezi kusafiri, na alfajiri ya Alhamisi Ashiraf aliipeleka Base Camp kwa pikipiki, pamoja na picha ya mfupa. Saa mbili ilipofika, Divine alikuwa akiiambia dari majibu aliyoyaandaa kwa miaka: mwaka waliovuka mpaka, majina ya ndugu zake, waliofika na wasiofika.

Ashiraf alirudi alasiri, amejaa vumbi hadi kwenye kope. Karatasi ilikuwa na muhuri: barua imepokelewa, mhusika atapangiwa siku nyingine.

"Siku gani, Baba?" Divine aliuliza.

"Wao hapana sema."

Divine akaikunja karatasi, akaiweka chini ya mto. Hakumwambia Ashiraf asante hadi kesho yake, kwa simu ya Safinah, na alipomaliza kumshukuru alilia.

Wiki iliyofuata Safinah aliruhusiwa, akatoka kwa magongo. Kitandani pake alilazwa mwanamke aliyelala muda wote. Mfuko wa mchanga ulipofunguliwa hatimaye, mguu wa Divine ulikuwa umekonda, wala haukukubali kusimama. Alikaa ukingoni mwa kitanda, Goretti akimshika kiuno. Tarehe ya mahojiano ilikuwa bado haijatoka.